Mfarishi Uliovalishwa Mara Nne

Uzi wa kwanza aliouvuta Mwanahawa ulitoka umelowa.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao Tabora hukauka mpaka midomo ya watu ikapasuka, na mfarishi ule ulikuwa umeanikwa juani siku mbili mfululizo. Mwanahawa aliufinya uzi kwa vidole viwili, akavinusa. Jasho. Halikuwa lake, maana alikuwa ametoka kuoga. Lilikuwa jasho la mtu aliyetembea mbali, lenye vumbi ndani yake. Akafuta vidole kwenye kanga, akaendelea kukata.

Wasichana wanane walikaa mkekani wakimtazama. Walitoka Sikonge, Igunga, Kaliua na kwingineko, wakaja kwenye kozi ya wiki tatu ya kikundi cha akina mama wa Ng'ambo, na kila mmoja alitakiwa arudi kijijini kwao akafundishe wenzake. Mwaka ule wa 1974 kila mtu alikuwa ama anafundisha ama anafundishwa. Mwanahawa, katibu wa kikundi, alikuwa ameandika kwa taipureta yake kwamba ushonaji wa mifarishi ya Tabora ni mali ya umma, usiachwe ufe na vikongwe. Alipenda sana maneno ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakuweza kushona hata kifungo.

Aliyeweza ni mama yake, Bi Mwanne. Mfarishi wa nyumba yao ulikuwa vipande vya nguo vilivyoungwa kimoja kimoja, vikatiwa pamba katikati, kisha vikapigwa bandi kwa safu tisa, juu hadi chini. Ukichakaa hautupwi, wala haufumuliwi. Unavalishwa: mwanamke wa kizazi kinachofuata anashona mpya juu yake, na ule wa zamani unabaki ndani. Huu ulikuwa umevalishwa mara nne. Ulikuwa mzito kama gunia la mpunga, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kujifunika.

Bi Mwanne alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni ila mwanga. Alifundisha kwa kuweka mkono wake juu ya mkono wa mwanafunzi, safu moja kwa mwaka. Mwanahawa alipokuwa msichana aliikimbia safu ya kwanza kabla haijaisha, akaenda kusomea ukarani. Basi mama yake akamruka, akaanza na mjukuu. Sikuzani, binti pekee wa Mwanahawa, sasa alikuwa na miaka kumi na sita na amefika safu ya saba.

Wiki ya kwanza ya kozi, Bi Mwanne aliwafundisha wale wasichana kutia uzi kwenye sindano. Wiki ya pili akawafundisha tena. Wiki ya tatu, siku ya mwisho kabisa, alikwenda Gongoni asubuhi kumtazama mgonjwa, akiongozwa na Sikuzani. Ndipo Mwanahawa alipochukua mkasi. Tumpe haki yake: aliona aibu kuwarudisha watoto wa watu makwao mikono mitupu.

Alifumua vazi la juu, la vitenge. Akafumua la kanga chini yake, kisha mengine mawili ya zamani zaidi. Kila alipofungua alichora kwenye karatasi ya mistari, safu kwa safu, na wasichana wakanakili. Ndani kabisa akakuta mfarishi wa kwanza, merikani iliyogeuka rangi ya chai na kaniki nyeusi, mbichi kwa unyevu. Katikati yake alikata vipande vinane vya ukubwa wa kiganja, akampa kila msichana kimoja pamoja na pamba yake kidogo.

"Haya, ndugu zangu, kila mtu na mfano wake. Mkifika kwenu mtazame ulivyoshonwa."

Flavia, msichana wa Kaliua, alikishika chake, halafu akakiweka chini.

"Mama, changu kinahema."

Wenzake walicheka. Mwanahawa naye alicheka, akakikunja kile kipande akamtilia mwenyewe mkobani. Saa nne lori likaja kuwachukua, wengine likawapeleka stesheni, wengine barabara ya Igunga, nyumba ikawa kimya. Alikuwa anakusanya nyuzi sakafuni aliposikia nyuma yake kitu kizito kikituliwa chini, puu, na mwanamume akashusha pumzi ndefu ya kupumzika. Aligeuka. Chumba kilikuwa kitupu, mlango umefungwa, na jua la dirishani limelala pale pale lilipokuwa.

Bi Mwanne na Sikuzani walirudi karibu na adhuhuri. Bikizee alisimama kizingitini, akainua pua.

"Nani amekuja?"

"Hakuna mtu, mama. Wasichana wamekwisha ondoka."

"Yupo. Amesimama hapo kati." Alinyoosha mkono, akapapasa hewa, akashuka mpaka akaukuta mfarishi uliotawanywa mezani. Vidole vyake vilipita juu ya nyuzi zilizokatwa, vikaingia kwenye lile tundu la katikati. "Mwanahawa. Umefanya nini?"

Kabla hajajibiwa, Sikuzani aliinama kukiweka chini kikapu cha bibi yake. Alikiweka. Hakuinuka.

"Mama," alisema akiwa ameinama vile vile, kwa sauti ndogo, "nani ananilalia mgongoni?"

Walimlaza kitandani kwa ubavu, maana chali hakuweza. Mwanahawa alitaka kukimbilia hospitali. Bi Mwanne akamshika kanga, akamketisha sakafuni, akamwambia kwa kunong'ona mambo ambayo hakuwahi kumwambia.

Mfarishi wa kwanza ulishonwa na Nyamizi, nyanya wa nyanya yake Bi Mwanne. Mume wa Nyamizi alikuwa mpagazi, akibeba pembe kwenda pwani. Safari moja, wakiwa wanarudi, walipofika nyika za Ugogo, mwenzake aliyekuwa nyuma yake alimwomba amtue mzigo. Akautwaa, akauweka mgongoni kwake. Walipopiga kambi aligeuka kumpa mwenzake maji, wengine wakamwambia huyo mwenzako tumemzika asubuhi. Mume alifika Tabora hana mzigo wowote unaoonekana, lakini ameinama, na kila siku akiinama zaidi.

"Ni jini, mwanangu. Hataki damu, hataki ubani. Anataka kubebwa. Nyamizi alishona mfarishi juu ya mgongo wa mumewe, akamshonea huyo jini ndani. Tangu hapo sisi tunamvalisha tu asipate mlango."

"Kwa nini hukuniambia?" Mwanahawa alikuwa analia. "Ungeniambia, ningethubutu kufumua?"

"Huambiwi mpaka umalize safu ya tisa. Hata mimi nilifanyiwa hivyo. Ningekuambia wewe, ungeandika." Bikizee akamvuta karibu zaidi. "Amemchagua Sikuzani kwa sababu anaijua mikono yake. Miaka saba mikono ile inamfungia. Sikiliza vizuri. Sikuzani akifika kugusa ardhi kwa paji la uso, hatainuka tena."

Kesho yake jua lilipofika utosini, Sikuzani alishuka kitandani akatoka nje. Alitembea ameinama, mikono imerudi nyuma kushika kitu kisichoonekana mabegani, akashika njia ya mashariki, ile ile waliyopita watu wa misafara, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamume mzima, tulivu kabisa.

"Jua limesimama. Tuondoke."

Mwanahawa alimshika kiuno. Akaburutwa. Majirani wawili wakasaidia, wakaburutwa nao mpaka karibu na reli, ndipo jua lilipopinda kidogo na msichana akaanguka akilia kwamba mabega yanawaka. Walipomfungua kanga walikuta ngozi imechubuka pande zote mbili. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu, na kila siku kidevu kilishuka zaidi kuelekea magoti.

Maalim Shomari aliitwa. Alikuwa mtu mwaminifu, si wa kutafuta sifa, na katika Ng'ambo nzima hakuna jini aliyewahi kumshinda. Alisoma kuanzia asubuhi, Ayatul Kursiyu mara mia, Suratul Jinni, akapuliza maji, akafukiza, na kadiri alivyosoma ndivyo chumba kilivyojaa ile harufu ya jasho na vumbi, mpaka moshi wa udi ukashindwa, mpaka wanawake waliokuwa mlangoni wakaziba pua kwa kanga zao na mmoja akasema anasikia pia harufu ya ngozi mbichi na ya maji ya kibuyu yaliyokaa siku nyingi, na Sikuzani akabaki ameinama tu, anasubiri, kama mtu anayemheshimu mkubwa anayezungumza. Adhuhuri ilipofika akasema kwa ile sauti:

"Umemaliza, maalim? Sauti yako ni nzuri. Sasa tuondoke."

Maalim alifunga msahafu. Alitoka uani, akajimwagia maji usoni, Mwanahawa akamfuata.

"Dada yangu, nisikudanganye. Mimi humtoa aliyeingia. Huyu hakuingia, yuko juu yake. Nimesoma, naye anasikiliza, anafurahi. Kama mama yako ana njia, ifuateni upesi."

Njia ya Bi Mwanne ilikuwa moja: kumshonea tena ndani, na kwa hilo vilihitajika vile vipande vinane. Mwanahawa alifunga safari. Alipanda malori ya pamba kwenda Igunga, akapanda baiskeli ya kukodi kwenda vijiji vya Sikonge. Msichana mmoja, Apolinaria, alikuwa amekitundika chake ukutani. Mama yake akakitoa upesi, akasema tangu kije kuku hawalali ndani. Mwingine alikuwa amekizika. Kwa siku tano alipata saba, amevifunga kwenye leso kifuani, na leso ilikuwa imelowa.

Cha nane kilikuwa Kaliua. Alishuka kwenye treni asubuhi, akatembea saa mbili mpaka kijiji alichokuwa amekiandika mwenyewe kwenye daftari la kozi. Alikuta kuta bila mapaa. Milango ilikuwa imeng'olewa, mafiga yamepoa, mbwa mmoja amelala katikati ya njia. Mzee mmoja alikuwa anafungasha mizinga ya nyuki kwenye baiskeli.

"Mwangaluka, mayo," alimwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, baba. Namtafuta Flavia, binti aliyetoka kwenye kozi Tabora."

"Watu wa hapa wamehamishwa, mayo. Operesheni ya vijiji vya ujamaa. Malori yalikuja juzi, matatu, yakapakia kila nyumba. Moja lilielekea upande wa Mpanda, mengine sijui. Mimi nilikuwa porini kwenye mizinga, ndiyo maana nimebaki."

"Flavia alipanda lipi?"

Mzee alifikiri kwa muda mrefu, maana alitaka sana kumsaidia.

"Yule binti alipanda ameinama kidogo," alisema mwishowe. "Nilivyoambiwa na walioona, walidhani tumbo linamuuma. Lori lipi, sijui."

Mwanahawa alikaa chini palepale kwenye majivu ya mafiga ya watu. Mpanda ni mbali, pori ni kubwa, vijiji vipya havikuwa hata na majina, na nyumbani paji la uso la mwanawe lilikuwa limebakiza shubiri mbili kugusa ardhi. Alirudi stesheni.

Alipofika Ng'ambo alikuta Bi Mwanne ameanza. Alikuwa amemwekea Sikuzani sindano mkononi ili ashone mwenyewe, kwa kuwa ndiye fundi. Mkono wa kulia ulishona vizuri, bandi ndogo, sawasawa, za miaka saba. Wa kushoto ulikuwa unafumua nyuma yake, bandi kwa bandi. Msichana alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe akilia bila sauti.

"Basi," alisema Bi Mwanne. "Mwanahawa, njoo. Utashona wewe."

"Mama, mimi sijui."

"Najua kwamba hujui. Lete mkono."

Walishona siku tisa. Mfarishi ulitandazwa juu ya mgongo wa Sikuzani, kipande kwa kipande, na bikizee alikaa nyuma ya binti yake, mikono ya mifupa mitupu juu ya mikono ya ukarani, akamsukuma vidole: ingia hapa, ruka, rudi, kaza. Mwanahawa alijichoma mpaka kaniki ikapata damu. Mama yake hakumgombeza. Alimwambia tu rudia, naye alirudia, na mara moja moja, katikati ya hofu ile, alihisi kitu kilichomshangaza, kwamba alikuwa amekosa kushikwa mikono na mama yake kwa zaidi ya miaka ishirini na alikuwa akitamani jambo hilo bila kujua. Alitamani kumwambia. Hakukuwa na nafasi. Kila adhuhuri walikaza kamba waliyomfungia msichana kwenye nguzo ya nyumba, wakangoja ile sauti iseme maneno yake, wakaendelea. Na kila siku Bi Mwanne alikuwa mwepesi zaidi nyuma yake, mpaka siku ya nane ikawa Mwanahawa ndiye anayemwegemeza.

Siku ya tisa walifunga fundo la mwisho. Palibaki tundu moja katikati, la ukubwa wa kiganja.

Walijaribu kuliziba. Walitia kiraka cha merikani mpya; kabla ya alasiri kilioza, kikadondoka vipande vipande kama mkate uliolowa. Walitia kitambaa cha turubai, sindano tatu zikavunjika. Sikuzani alikuwa ananyoka na kuinama, ananyoka na kuinama, paji la uso likifika karibu kabisa na sakafu, na Mwanahawa, asijue la kufanya, hana dua, hana dawa, hana mtu wa kumwita, akaweka kiganja chake cha kulia juu ya tundu akakandamiza.

Sikuzani alinyoka.

Alisimama wima katikati ya chumba, akashika mabega yake, akatazama dari. "Mama! Ameshuka! Mama, ameshuka!" Mwanahawa akacheka kwa furaha, akanyanyua mikono yote miwili kumkumbatia, na msichana akakunjika pale pale mbele yake, uso chini, nywele zikagusa saruji.

Aliurudisha mkono. Akanyoka.

Jirani mmoja alijitolea kumpokea. Aliweka kiganja chake, lakini Sikuzani aliinama vile vile. Lilichokubali tundu lile ni mkono ulioshona. Sikuzani mwenyewe hakuthubutu hata kulisogelea. Bi Mwanne, amelala sasa kwenye kitanda cha pili, alisikiliza yote, akageuza uso ukutani.

"Nilikuwa na haraka na mjukuu," alisema. "Wewe nilikuacha upesi mno." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyotamka kwa akili zake.

Mfarishi uliwekwa kitandani kwa Mwanahawa, naye akalala kando yake, kiganja kimefungwa pale kwa kanga asije akakiondoa usingizini. Alilishwa na mwanawe. Alisali kwa ishara. Chini ya kiganja palikuwa na joto, na pumzi inayokuja na kwenda, polepole, ya mtu aliyeketi kupumzika kando ya njia na hana haraka yoyote.

Siku ya nne ya hayo, Bi Mwanne alikufa, asubuhi, kimya.

Wanawake wa mtaa walijaa uani. Walichemsha maji, wakatia majani ya mkunazi, wakaandaa kafuri na sanda. Kisha mkubwa wao, Bi Mwanajuma, akaja mlangoni.

"Mwanahawa, mwanangu, maji tayari. Mtoto ndiye amwoshe mama yake. Twende."

"Siwezi, shangazi."

"Huwezi nini? Uchungu tunaujua. Inuka, tutakushika."

"Siwezi kuinuka. Siwezi."

Bi Mwanajuma alimtazama, amelala na mkono wake juu ya lundo la nguo kuukuu, na uso wake ukabadilika. Aliwarudia wenzake. Kutoka uani Mwanahawa alisikia sauti zikishuka, neno moja moja likimfikia: mama yake mzazi, binti wa pekee, hana hata haya.

"Nenda, mama," Sikuzani alinong'ona. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. "Ni kitambo kidogo tu. Nitavumilia. Mwoshe bibi urudi."

Mwanahawa alipima. Kumwosha maiti ni nusu saa kwa uchache. Alitazama sakafu, akatazama paji la uso la mwanawe, lililokuwa limeiponea saruji chupuchupu.

"Nenda wewe. Mwambie..." Hakumaliza. "Mwoshe vizuri."

Alisikia maji yakimwagwa, kata baada ya kata, nyuma ya ukuta. Alijua yanapomwagwa: kichwa, upande wa kulia, upande wa kushoto. Alifuata kwa masikio. Alilia kwa sauti kubwa akamwita mama yake kama mtoto mdogo, na hakuna aliyeingia, kwa kuwa waliona kilio hicho ni cha kujionyesha.

Sikuzani alirudi ananukia kafuri, amesimama wima, mrefu kuliko alivyokumbukwa. Aliketi sakafuni.

"Bibi alikuwa na sugu mabegani," alisema. "Zote mbili. Ngumu, kama za wale wachukuzi wa stesheni. Bi Mwanajuma naye ameziona." Akapangusa pua. "Mama, kesho napanda treni. Nitamtafuta Flavia. Nitauliza kijiji kwa kijiji mpaka nimpate."

Mwanahawa alitaka kumwambia asiende. Mkono ukiteleza yeye akiwa huko porini peke yake, nani atamwinua? Alitaka pia kumwambia aende upesi. Nje wanaume walinyanyua jeneza, tahalili ikaanza, ikapita dirishani, ikashika njia ya makaburini, ikafifia. Chini ya kiganja ile pumzi ilikatika kidogo, ikasikiliza mpaka sauti zikaisha, kisha ikaendelea.

"Mkono umechoka, mama?"

"Haujachoka," alisema Mwanahawa.

Alikuwa na miaka arobaini na moja.